Masasi, Newala na Msumbiji: udugu mkubwa, biashara ndogo

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, macho na masikio ya wakulima wa Newala na Masasi huelekezwa kwenye minada ya vyama vikuu vya ushirika. TANECU huuza korosho za Newala na Tandahimba, na MAMCU huuza za Masasi, Nanyumbu na Mtwara. Katika msimu wa 2024/25 bei ya kilo moja ya korosho ghafi ilivuka Sh. 4,000 tangu minada ya mwanzo. Bei ya namna hiyo haiishii mlangoni mwa ghala. Kwa simu ya mkononi inafika ng'ambo ya Mto Ruvuma kabla ya jua kuzama, na huko nako, katika wilaya za Nangade na Mueda, watu wa kabila lile lile wanaokota korosho chini ya mikorosho ya aina ile ile.

Tanzania na Msumbiji huitwa ndugu wa damu, na si maneno ya majukwaani tu. Zimepigana vita pamoja zaidi ya mara moja. Zina daraja lenye urefu wa mita 720 linaloitwa Daraja la Umoja. Zimewahi kuwa na marais walioongea Kiswahili wao kwa wao bila mkalimani. Pamoja na yote hayo, biashara halali inayopita kati ya uwanda wa Makonde na jimbo la Cabo Delgado bado ni ndogo, na ile ya magendo ndiyo inayosikika zaidi katika mazungumzo ya wanunuzi. Sababu kubwa haipo katika siasa. Nchi hizi mbili zinauza kitu kile kile, kwa mnunuzi yule yule, katika miezi ile ile.

Bidhaa moja, mnunuzi mmoja

Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na tangu hapo haukuheshimu mpaka. Ulisambaa hadi uwanda wa Newala kaskazini ya Ruvuma na hadi uwanda wa Mueda kusini yake. Udongo wa kichanga ni mmoja na mvua ni zile zile, hivyo mavuno huingia karibu pamoja: Tanzania kuanzia Oktoba hadi Januari, na Msumbiji ikifuatia kwa wiki chache hadi Februari.

Kwa soko la dunia, miezi hiyo ina thamani ya pekee. Afrika Magharibi, yaani Ivory Coast, Guinea-Bissau, Nigeria na majirani zao, huvuna kuanzia Februari hadi Juni. India na Vietnam, ambazo ndizo wabanguaji wakubwa, nazo huvuna miezi ya mwanzo ya mwaka. Ifikapo Oktoba viwanda vyao huwa vinakula akiba, na korosho mpya inayopatikana kwa wingi ni ya Tanzania na Msumbiji, ikisaidiwa na ya Indonesia. Nchi mbili zinazoshika mlango kwa miezi minne zingetarajiwa kukaa meza moja na kupanga namna ya kuuza. Lakini hakuna mnada wa pamoja wala bei dira ya pamoja. Kila moja huvizia bei ya mwenzake, na mnunuzi wa Kihindi au wa Kivietinamu anajua hivyo.

Taratibu za kuuza nazo zimeachana. Tangu msimu wa 2007/08 Tanzania inatumia stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa daraja, zinakwenda ghala kuu, kisha zinanadiwa. Mkulima hulipwa baada ya mnada, na makato ya chama, ya ghala na ya usafiri hutolewa humo humo. Serikali nayo hutoza ushuru korosho ghafi zinaposafirishwa nje. Kwa upande wa Msumbiji mkulima huuza kwa mfanyabiashara anayemfuata kijijini, na kulipwa papo hapo kwa metikali. Kodi huja mwishoni, bandarini: sheria ya Msumbiji ya mwaka 1999 iliweka asilimia 18 hadi 22 kwa korosho zinazotoka bila kubanguliwa. Kodi hiyo mfanyabiashara hailipi kutoka mfukoni mwake. Huipunguza kwenye bei ya mkulima.

Hapo ndipo magendo yanapozaliwa. Pale bei ya mnada wa Newala inapoipita kwa mbali ile anayopewa mkulima wa Mueda, gunia hutafuta njia ya kwenda kaskazini. Maumbile nayo yanasaidia. Oktoba na Novemba ni mwisho wa kiangazi, na wakati huo Ruvuma huwa imepungua maji, michanga imejitokeza katikati ya mto, na mtumbwi mdogo unatosha. Miezi ya kuuza korosho ni miezi ambayo mto huwa dhaifu kuliko wakati wowote.

Msomaji anaweza kuuliza kuna ubaya gani, ikiwa korosho ni korosho. Ubaya upo kwenye ratili. Mnunuzi mkubwa hanunui ganda, ananunua punje. Hupasua sampuli na kukadiria ni ratili ngapi za punje nzuri zitakazotoka kwenye gunia la kilo 80, na bei anayotaja mnadani hutokana na hesabu hiyo. Kwa kawaida korosho za uwanda wa Makonde hutoa ratili nyingi zaidi kuliko za ng'ambo, kwa sababu wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi wamezoea kupiga salfa dhidi ya ubwiriunga, na wengi wamepanda miche bora iliyotoka kituo cha utafiti cha Naliendele karibu na mji wa Mtwara. Korosho duni zikichanganywa na nzuri ghala zima hushuka ratili, na hasara humwangukia mkulima ambaye hakuvuka mto wala hakuona mtumbwi.

Mfano wa wazi ulikuwa msimu wa 2018/19. Wanunuzi binafsi walitoa bei ambazo Rais John Magufuli alizikataa, na mwezi Novemba 2018 serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa Sh. 3,300 kwa kilo, huku magari ya Jeshi la Wananchi yakisomba mzigo. Bei moja iliyopangwa na serikali, isiyopanda wala kushuka, ni mwaliko kwa kila mwenye gunia la kuficha. Ndiyo maana malipo yalitanguliwa na uhakiki wa shamba kwa shamba, uliolenga kuwanasa wanunuzi wa kangomba, wale wanaopita vijijini kununua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo. Uhakiki ulichukua miezi, na wakulima halali walisubiri pamoja na wasio halali.

Nchi zote mbili, ikumbukwe, ziliugua ugonjwa mmoja na kumezeshwa dawa na daktari mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Msumbiji ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka na kuongoza duniani. Tanzania ilifikia kilele chake cha wakati huo, takriban tani 145,000, katika msimu wa 1973/74. Kisha vita vikaiharibu Msumbiji, na kwa Tanzania kuhamishiwa vijijini, bei ndogo na ubwiriunga vikaishusha hadi chini ya tani 17,000 mwaka 1986/87. Tanzania ilikuwa imekopa na kujenga viwanda 12 vya kubangua, vikiwamo vya Masasi na Newala, ambavyo vingi viligeuka kuwa maghala. Msumbiji iliagizwa na Benki ya Dunia mwaka 1995 kupunguza kodi ya korosho ghafi. Punje zikaondoka zikiwa kwenye maganda, viwanda vikafungwa, na wafanyakazi wapatao 10,000 wakapoteza kazi. Tangu hapo Tanzania imepanda kwa kasi, tani 313,000 mwaka 2017/18 na zaidi ya 500,000 mwaka 2024/25, wakati Msumbiji inapanda polepole zaidi. Pengo hilo limeongeza mvuto wa upande wa kaskazini.

Mbaazi zilitoa somo chungu zaidi. Mwaka 2016 Msumbiji ilitia saini na India makubaliano ya kuuziana mikunde kwa kiasi kilichopangwa mwaka hadi mwaka. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa mbaazi kutoka nje. Msumbiji ilikuwa na mlango wake, Tanzania haikuwa nao, na kilo ya mbaazi ambayo wakulima wa kusini walizoea kuiuza kwa zaidi ya Sh. 1,000 ikaanguka hadi kwenye Sh. 150. Hakuna aliyemlaumu Msumbiji, na hakukuwa na sababu ya kumlaumu. Lakini udugu wa miaka 50 haukusaidia kuuza hata gunia moja.

Duka la vitani

Ni vigumu kuamini kwamba biashara ya kuvuka Ruvuma iliwahi kuwa suala la kufa na kupona kwa chama cha ukombozi. Ilikuwa hivyo, na wafanyabiashara wa Mtwara wa miaka ya 1960 walikuwa ndani yake.

Wamakonde wa Msumbiji, ambao huku waliitwa Wamawia, walikuwa wakivuka mto kwa miongo mingi kutafuta vibarua katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga, kwa sababu mshahara wa Tanganyika ulizidi wa Mreno. Walirudi na fedha, na pia na habari za vyama. Mmoja wao, Lazaro Nkavandame, aliporudi Mueda alianzisha ushirika wa wakulima wa pamba, ambao Wareno waliuzima. Tarehe 16 Juni 1960 watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao walipigwa risasi, na wengi wakakimbilia Newala, Masasi na Mtwara. Miaka miwili baadaye, 25 Juni 1962, FRELIMO iliundwa Dar es Salaam chini ya Eduardo Mondlane, na vita vikaanza tarehe 25 Septemba 1964 katika jimbo la Cabo Delgado.

Maeneo yalipokombolewa, Mreno aliondoka pamoja na maduka yake. Wakulima walibaki na karanga, ufuta, korosho, nta na vinyago, bila chumvi, sabuni, jembe wala nguo. FRELIMO ikaanzisha biashara yake: mazao yalibebwa vichwani hadi mtoni, yakavushwa na kuuzwa Tanzania, na bidhaa zikarudi kwa njia ile ile. Aliyesimamia biashara ya Cabo Delgado alikuwa Nkavandame, mtu aliyeijua. Baada ya muda lawama zikaanza kwamba bei katika maduka ya chama zilikuwa za kuwaumiza wananchi na kwamba faida ilikuwa ikiishia kwa wachache. Ugomvi kuhusu nani anafaidika na gunia la karanga ukawa ugomvi kuhusu vita vinapiganwa kwa ajili ya nani. Desemba 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba aliuawa alipokuwa akivuka mpaka. Nkavandame alivuliwa madaraka Januari 1969, na mwaka huo huo akajisalimisha kwa Wareno. Mondlane mwenyewe aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969.

Wanaosema kwamba mambo ya bei ni madogo mbele ya mambo ya ukombozi wangefaa kuisoma habari hiyo mara mbili.

Tanzania ililipa kwa namna zake. Nachingwea, jirani na Masasi, ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Wakimbizi walipewa ardhi Rutamba, mkoani Lindi, wakalima. Baada ya uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975, askari wa Tanzania walikwenda kuisaidia dhidi ya mashambulizi ya Rhodesia, na wakarudi tena katika miaka ya 1986 hadi 1988 wakati Renamo ilipotishia kuikata nchi katikati. Askari waliofia Msumbiji wana makaburi yao Naliendele, mahali pale pale panapotoka miche bora ya mikorosho.

Daraja lililotangulia barabara

Wazo la daraja lilikuwapo tangu enzi za Mwalimu Nyerere na Samora Machel. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005, wakati wa urais wa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza, kwa gharama iliyobebwa na nchi zote mbili. Linaunganisha Mtambaswala, katika wilaya ya Nanyumbu iliyomegwa kutoka Masasi, na Negomano, wilayani Mueda. Wapenda historia wanapakumbuka Negomano kwa jambo jingine: ndipo Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Kijerumani alipovuka Novemba 1917 na kuikamata ngome ya Wareno pamoja na chakula na risasi zake.

Kwa mfanyabiashara, daraja ni nusu ya safari. Upande wa Tanzania lami imefika, kutoka Masasi kupitia Mangaka hadi Mtambaswala. Upande wa pili barabara ya kutoka Negomano kwenda Mueda ilibaki ya vumbi na tope kwa miaka mingi baada ya ufunguzi, na ujenzi wake kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika umekwenda kwa vipande. Lori lenye sukari halipimi urefu wa daraja. Linapima siku zitakazopotea masika. Aidha, daraja lipo mbali na walipo watu wengi. Wakazi wa Newala na Tandahimba wanaotaka kwenda Nangade wanaona ng'ambo kwa macho kutoka ukingo wa uwanda, na kuzunguka hadi Mtambaswala kwao ni kama kwenda mkoa mwingine. Wanaendelea kutumia mitumbwi, na wa Mtwara hutazama kivuko cha Kilambo.

Hata hivyo hesabu ya umbali inaipa Tanzania nafasi ambayo haijatumiwa. Mueda ni karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko na Maputo, tena kwa mbali sana. Sabuni, mafuta ya kula, vyombo vya plastiki, vitenge, na saruji ya kiwanda cha Dangote kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2015, vyote vingeweza kufika Cabo Delgado kwa nauli ndogo kuliko mzigo unaotoka kusini ya Msumbiji. Nchi zote mbili zipo SADC, hivyo bidhaa zenye cheti cha uasilia hupata nafuu ya ushuru. Mchuuzi mwenye katoni kumi za sabuni hana wakala wa forodha wala cheti, na mara nyingi hajui kama anastahili nafuu hiyo.

Watu nao hawavuki kwa usawa. Ugunduzi wa rubi Montepuez uliwavuta vijana wengi wa Tanzania kwenda kuchimba na kuuza bidhaa ndogondogo. Mwanzoni mwa 2017 vyombo vya dola vya Msumbiji viliendesha operesheni ya kuwaondoa wageni, na Watanzania wakarudishwa, baadhi yao wakiacha mali. Serikali zilizungumza, jambo likapoa. Kwa mfanyabiashara mdogo lilibaki funzo kwamba neno ndugu halichukui nafasi ya kibali.

Mto unapokuwa hatari

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walivamia Mocimboa da Praia, na uasi ukaanza katika jimbo ambalo ndilo jirani wa Newala na Masasi. Kwa miaka mitatu ulionekana ni shida ya ng'ambo. Tarehe 14 Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara kando ya Ruvuma, kilishambuliwa, watu zaidi ya 20 waliuawa na nyumba kuchomwa. Aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, alisema washambuliaji walikuwa wapatao 300 waliotoka Msumbiji.

Mwezi uliofuata wakuu wa polisi wa nchi mbili walikutana Mtwara na kutia saini makubaliano ya kushirikiana. Machi 2021 Palma ilishambuliwa na mwezi Aprili kampuni ya Total ikasimamisha mradi wake mkubwa wa gesi. Julai 2021 SADC ilipeleka kikosi chake, ambamo askari wa Tanzania walipangwa Nangade, mkabala na uwanda wa Makonde. Rwanda ilituma jeshi lake kwa makubaliano yake yenyewe na Maputo. Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Maputo, na nchi hizo zikatia saini mikataba ya ulinzi na usalama. Kikosi cha SADC kiliondoka kufikia Julai 2024.

Gharama ya kiuchumi ya miaka hiyo haikuandikwa kwenye hesabu za forodha. Bonde la Ruvuma ni shamba la mpunga na mboga la watu wa uwandani, ambako maji ni ya shida na udongo haushiki mvua. Mtu akiogopa kulala bondeni kulinda mpunga wake, ndege na nguruwe watavuna badala yake. Mitumbwi ikidhibitiwa, samaki wakavu wa upande wa pili hupungua kwenye magulio. Mlinzi anayezuia mwenye bunduki humzuia pia mwenye tenga la samaki, na ni mara chache anaweza kuwatofautisha usiku.

Kuna jambo zito zaidi, na halipaswi kufichwa kwa sababu ya adabu ya ujirani. Baada ya Palma, maelfu ya watu walikimbilia kaskazini kama wazee wao walivyofanya mwaka 1960. Julai 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema kuwa watu zaidi ya 9,600 walikuwa wamerudishwa kwa nguvu Msumbiji tangu Januari mwaka huo kupitia Negomano. Wazazi wa baadhi yao yawezekana walilima Rutamba. Hofu ya kupenyeza kwa waasi ilikuwa ya kweli, Kitaya ilikuwa imeonyesha. Lakini daraja lililopewa jina la Umoja lilipata kazi ambayo waliolifungua mwaka 2010 hawakuitaja katika hotuba zao.

Lugha na kinyago

Utamaduni ndiyo biashara ambayo haikuhitaji mkataba. Vinyago vya mpingo vinavyouzwa Mwenge, Dar es Salaam, kwa jina la Makonde, vilikuzwa kwa sehemu kubwa na mafundi waliotoka uwanda wa Mueda. Mtindo wa nguzo ya watu waliobebana, unaojulikana kama ujamaa, na ule wa mashetani, ulisitawi Tanzania mikononi mwao. Ngoma ya mapiko huchezwa pande zote mbili, na jando huunganisha koo ambazo mpaka uliwekwa baada yao.

Kiswahili nacho kimesafiri. Chissano alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, na Agosti 2019 mkutano wa SADC uliofanyika Dar es Salaam ulikubali lugha hiyo kuwa ya nne ya jumuiya. Filipe Nyusi, Mmakonde wa Mueda aliyekuwa rais kuanzia 2015 hadi 2025, alisoma utotoni katika shule ya FRELIMO Tunduru, na Julai 2024 alikuwa mgeni rasmi katika maonyesho ya Sabasaba. Aliyemrithi, Daniel Chapo, alizaliwa mwaka 1977, baada ya uhuru. Hakuna tena rais wa Maputo anayeikumbuka Tunduru kama alivyoikumbuka mwanafunzi wake, na mazungumzo yajayo yatakuwa zaidi ya takwimu kuliko ya kumbukumbu.

Punje badala ya ganda

Wachunguzi wa soko wanaona njia moja ambayo ingebadili wapinzani kuwa washirika, nayo ni kubangua. Serikali ya Tanzania imetangaza mara kadhaa nia ya kuacha kuuza korosho ghafi nje. Kiwanda cha kubangua kinachofanya kazi miezi minne kwa mwaka hakilipi mkopo wake. Kinahitaji malighafi ya kutosha na mtaji wa kuihifadhi. Korosho za Mueda, ambazo leo zinaingia usiku kama magendo na kuharibu ratili za ghala la Newala, zingeweza kuingia mchana kwa hati zake, zikiwekwa katika ghala lake na kupewa bei yake, kisha kubanguliwa Masasi na kusafirishwa kupitia bandari ya Mtwara.

Vikwazo viwili vinajulikana. Msumbiji ina viwanda vyake vya kulisha, na kodi yake ya korosho ghafi iliwekwa kwa lengo hilo hasa, hivyo haitaifuta ili Masasi ipate kazi. Na vyama vikuu vya Tanzania havijawa tayari kuona korosho ya nje ikiingia kihalali wakati mkulima wao anasubiri malipo ya mnada. Mtu anayeuza Newala atataka kwanza ahakikishiwe kwamba gunia la ng'ambo halitapimwa katika mizani yake, na mwenzake wa Nangade atataka kujua atalipwa lini na kwa fedha ipi. Maswali hayo mawili hayajawahi kuwekwa katika ajenda moja na ulinzi wa mto, ingawa watu wanaovuka ni wale wale.